Picha Imetakata, Mzee Bado Anauliza

Amiloidi beta ni protini yenye bahati. Katika utafiti wa ugonjwa wa Alzheimer imeshika vyeo viwili kwa mpigo: kiashiria cha ugonjwa na shabaha ya dawa. Yaani mshtakiwa ndiye huyohuyo shahidi, na ukitaka kujua kesi imeishaje, muulize yeye.

Novemba 2020, washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliketi kuijadili aducanumab, dawa ya kampuni ya Biogen inayolenga protini hiyo. Majaribio makubwa yalikuwa mawili, moja likaelekea kufaulu, la pili likagoma. Wakaulizwa kama hilo la kwanza linatosha kuwa ushahidi mkuu. Kura: ndiyo 0, hapana 10, asiye na hakika 1.

Juni 2021 mamlaka ikaiidhinisha! Hoja? Picha za ubongo zilionyesha utando wa amiloidi umepungua. Na kumbukumbu? Ah, hiyo itathibitishwa baadaye. Bei ndiyo haikusubiri kuthibitishwa: dola 56,000 kwa mwaka, na wapo waliovimba au kuvuja damu kidogo ubongoni. Mwaka 2024 Biogen yenyewe ikatangaza kuachana na dawa hiyo.

Kwa hiyo tusiwe wachoyo wa pongezi. Utando ulipungua kwelikweli, kipimo kikapendeza. Ikiwa mzee bado anamwita mwanawe kwa jina la mjomba, na chai aliyokunywa sasa hivi anaidai upya, msimlaumu. Huenda hajaonyeshwa picha.