Ukuta wa Chumba cha Mama

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883 hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, iliporomoka na kuua watu wawili. Tangu siku hiyo mama yangu, hapa mtaani kwetu Kiponda, akawa halali mpaka aupapase ukuta wa chumba chake. Masika yakaingia, ukuta ukalia maji, chokaa ikawa inamwagika kitandani kama unga. “Mwanangu, usingoje mpaka nifukiwe,” akaniambia. Nikaenda kununua saruji.

Mifuko minne ya kilo 50. Gari haiingii kichochoroni kwetu, kwa hiyo hamali aliipandisha mmoja mmoja mgongoni hadi ghorofa ya pili. Fundi kijana, hodari wa nyumba za matofali, akakwangua chokaa yote, akapiga plasta ngumu, akamalizia rangi ya mafuta. Ukuta ukang'aa. Mama akafukiza udi, akatuombea dua.

Masika mawili baadaye, ukiigonga ile plasta inalia kama kibuyu kitupu. Rangi ilitoka malengelenge. Ukitumbua moja, maji yanachuruzika, na nyuma yake kuna chumvi nyeupe. Usiku mmoja pande kubwa kama msala likaanguka na kung'oka na mawe yake. Alhamdulillahi, mama alikuwa ameamka kuswali chumba cha pili. Asubuhi nikaishika ncha ya boriti iliyochomoza tunduni. Ikamomonyoka mkononi kama mkate wa mofa uliolowa.

Tukamwita mzee mmoja fundi wa chokaa. Aliweka kiganja ukutani, akakaa kimya, kisha akauliza, “Nani kauziba pumzi?”

Nikamwambia ni mimi, mzee wangu.

Akanieleza kwa upole. Kuta zetu, za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo, zina unene wa kama nusu mita. Zinakunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha zinayatoa taratibu kupitia chokaa. Saruji inayafungia ndani, nayo yanazifuata ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani, hizo hizo zinazobeba sakafu. Tena saruji ni ngumu, ukuta ni laini. Ukuta ukicheza kidogo, plasta inaondoka na jiwe. Kwenye matofali saruji ni kitu kizuri kabisa. Hapa niliipa kazi isiyo yake.

Tangu hapo, kila nikipishana na hamali na mfuko wake katika vichochoro vya mji huu, ambao Unesco iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000, moyo unanishtuka. Anayeuagiza ni mtu anayeipenda nyumba yake, kama nilivyoipenda yetu.

Tulibandua plasta yote, tukabadilisha boriti mbili, tukapaka chokaa tabaka jembamba baada ya jingine, kila moja likilowanishwa lisikauke kwa pupa. Umebaki ukuta wa ngazini. Chokaa yake imelowekwa pipani uani, na kila alfajiri mama huinua kifuniko, akachungulia, akaongeza kata moja ya maji.