Hongera, Hujakamilisha

Leo asubuhi, kwenye kikao cha Jumatatu, jina langu limerushwa ukutani kwa projekta, kwa herufi nyekundu, mbele ya vijana wa fildi wanaoniamkia shikamoo. Kozi: Usalama dhidi ya Moto. Hali: HAJAKAMILISHA. Bosi akakitazama kizibao cha njano kinachoning'inia kwenye kiti changu, kilichoandikwa MSIMAMIZI WA MOTO, akalitazama tena jina, kisha akauliza kwa ule upole unaouma kuliko matusi: "Sasa moto ukiwaka, tumfuate nani?"

Kozi hiyo niliimaliza. Nilimvumilia yule dada msomaji asiyepumua, ambaye kitufe cha Endelea hakifunguki mpaka atamke neno lake la mwisho. Nilijibu hadi lile swali la ukiona moto ofisini ufanye nini kwanza, ambalo mojawapo ya majibu ni kupiga picha na kuirusha kwenye grupu. Slaidi ya mwisho ilifyatua fataki na kuandika HONGERA.

Kijana wa TEHAMA ndiye aliyenieleza, na chai yangu ikapoa nikimsikiliza. Kumbe kozi na mfumo wa mafunzo unaoiendesha ni vitu viwili. Kozi huja imefungwa kwenye faili la zipu. Mfumo huifungulia dirisha lake, kisha huanza kunong'onezana: ameanza, yuko slaidi ya tisa, amefaulu. Utaratibu wa kunong'onezana huko unaitwa SCORM, ulitokana na mpango wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na toleo tunalotumia sisi, 1.2, ni la mwaka 2001. Tunao wafanyakazi waliozaliwa baada yake. Sasa uhondo uko hapa. Kozi huandika slaidi ulizoziona na majibu uliyotoa, ikaukabidhi mfumo uyatunze hadi urudi. Nafasi iliyotengwa kwa kumbukumbu hizo katika toleo hilo ni herufi 4,096, basi. Ni daftari la madeni la mangi lenye ukurasa mmoja: ukijaa, la ziada halina pa kuandikwa. Na kozi yetu ina mdomo, kila ukibofya inaandika. Umeme ulipokatika nikiwa katikati ya kozi, ukurasa ulikuwa umeshajaa. Niliporudi, slaidi kadhaa zilikuwa zimepotea kwenye kumbukumbu, nami nikasonga mbele bila habari mpaka kwenye fataki. Fataki ni picha tu, hazimuulizi mtu ametokea wapi. Anayehesabu ni programu iliyo nyuma ya pazia, na kwa hesabu zake mimi mtungi wa kuzimia moto sijawahi kuuona.

"Rudia tu, kaka, ni dakika 40," akasema Afisa Utumishi.

Si mimi tu. Mhasibu wetu amepata cheti kizuri chenye jina la "Jina la Mshiriki". Dereva amepangiwa Excel ya Ngazi ya Kati. Manenosiri ya walinzi yametumwa kwa barua pepe. Walinzi wengi hawana barua pepe.

Na hapo kicheko kinaniisha. Mzee wa getini kozi hii anaisomea kwenye simu yake, kwa bando lake, usiku akiwa lindoni, na video inalimaliza kabla yule dada hajafika kwenye 114, namba ya Zimamoto. Asipomaliza naye anawekwa nyekundu, na nyekundu zinaingia kwenye tathmini ya mwaka. Wakati huohuo, mtungi wa ghorofa ya pili mshale wake umelala kwenye nyekundu tangu kabla mfumo haujanunuliwa. Nimeshauripoti. Hela ya leseni ya mfumo ilipatikana upesi. Ya kujaza mtungi inasubiri bajeti.

Baada ya kikao nikaandika barua, kwa adabu zote, kuomba walinzi walipiwe bando na mtungi ujazwe. Jibu limeingia saa nane mchana, limetoka kwenye mfumo wenyewe: nimeandikishwa, kwa lazima, kozi ya Mawasiliano Bora Kazini.