Itifaki Imezingatiwa: Mhadhara wa Baridi kwa Wakazi wa Kipawa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa, mabalozi wa nyumba kumi, wazee wetu, kina mama wa vikoba, vijana wa bodaboda, na wewe uliyeingia humu kuchaji simu: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa kuzungumza kwa dakika kumi juu ya kulala hemani penye baridi na upepo. Ombi nililiandika mwenyewe, nikalijadili mwenyewe, nikalipitisha bila kupingwa, na muda nimeuongeza. Kwa hiyo leo mimi ndiye mtoa mada, mgeni rasmi na kamati ya maandalizi. Soda mtajinunulia.

Subirini ndege ipite.

Ahsanteni. Najua wapo wanaonong'ona: mtu wa Kipawa anajua nini kuhusu baridi? Ndugu zangu, ujana wangu niliumalizia soko la samaki la Feri, nikibeba vipande vya barafu begani huku wenzangu wakibeba vibua. Bega hili la kulia lina elimu ya baridi ambayo vyuo vikuu bado havijaanza kuifundisha. Ama upepo, ni nani katika nchi hii aliyesoma upepo kuliko sisi tunaoishi ubavuni mwa uwanja wa ndege? Upepo naugawa katika madaraja matatu: upepo wa kanga, unaotikisa nguo kambani, upepo wa bati, unaomtoa mwenye nyumba nje na nyundo, na upepo wa Kitulo, ambao hautikisi chochote kwa sababu cha kutikiswa kimeshaondoka.

Kitulo ndiyo mada yetu. Ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, huko kusini, mikoa ya Njombe na Mbeya, ukubwa wake kama kilomita za mraba 413, juu kwenye uwanda wa mita 2,600 hivi. Wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, kwa sababu mvua zikinyesha majani yote yale hugeuka maua, yakiwemo okidi za aina zaidi ya 40. Watu wasio na elimu yangu huenda wakati huo, kati ya Desemba na Aprili, wakapiga picha, wakarudi wanacheka. Mimi napendekeza Julai. Julai hakuna maua. Kuna nyasi kavu, kuna kusi, na alfajiri kuna jalidi nyeupe juu ya hema. Maua waachieni maharusi.

Kijana wa nyuma ameuliza, kwa nini tusiende Kilimanjaro, kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee. Swali la kitoto, lakini nitalijibu kwa upole. Kilimanjaro mwanangu unapanda na wagumu. Mgumu mmoja anabeba hadi kilo 20 zako, anakutangulia mbio, unapofika unahema unakuta hema limesimama na uji unachemka. Hiyo ni hoteli iliyohamishiwa mlimani. Anayepiga kambi kweli ni yule mgumu, na kila nikikutana na mmoja huwa namwamkia shikamoo hata kama ni mdogo wangu. Kitulo hakuna wa kukuandalia uji. Kuna nyasi, wewe, na furushi lako.

Safari yenyewe sitaichambua. Unapanda basi la Mbeya pale stendi ya Magufuli, unashuka Chimala, unatafuta gari la kupanda Matamba. Barabara ile inaitwa Hamsini na Saba, ndiyo idadi ya kona zake. Hesabuni wenyewe. Mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sababu za kitafiti.

Sasa hesabu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6.5. Kwa hiyo kati ya hapa na Kitulo mnapoteza nyuzi kama 17. Usiku wa Julai hapa Kipawa, mnapozima feni na kulalamika kwamba mwaka huu baridi imezidi, kipimajoto kinasoma nyuzi 18 au 19. Toeni 17. Mama, usiondoke, bado sijaweka upepo. Mwili wa binadamu hujitengenezea tabaka jembamba la hewa ya uvuguvugu juu ya ngozi, na kazi ya upepo ni kulibeba tabaka hilo kila unapomaliza kulitengeneza. Ongezeni na anga lisilo na wingu, ardhi inavyotoa joto lake lote kwenda juu, mtaona kwa nini sifuri kule huvukwa kwa kwenda chini.

Ndege nyingine. Hii ni kubwa, tutulie.

Nafika kwenye kiini cha taaluma yangu, na naomba wenye madaftari waandike: adui yuko chini. Mtu wa Dar akisikia baridi anakimbilia Karume, ananunua koti la mtumba lililovaliwa na Mzungu mnene, anajifunika juu, kisha analala juu ya shuka. Ardhi inamnyonya usiku kucha. Hata mfuko wa kulalia ukiulalia, manyoya yake hubanwa na kuisha kazi upande wa chini. Kwa hiyo mablanketi mawili chini kabla ya moja juu. Mimi hutandika mkeka, juu yake godoro la sponji, juu yake maboksi yaliyokunjuliwa. Mlinzi wa hifadhi alipoyaona maboksi yangu aliniuliza kama nina ndugu wa kuarifiwa. Ndivyo taaluma inavyoheshimiwa kule.

Pa kusimamisha hema napo pana elimu yake. Ukilisimamisha kilimani, upepo unakuhesabu mbavu. Ukikimbilia bondeni, umekosea zaidi, maana hewa ya baridi ni nzito, na usiku huteremka na kutuama chini kama maji ya masika yanavyolitafuta bonde la Msimbazi. Kaa katikati ya mteremko. Mgongo wa hema uupe kusi, yaani kusini-mashariki. Kwa wasiojua pande za dunia, simama ukielekea kibla, kisha geuka kushoto nusu ya kuelekea machweo. Mlango uangalie huko. Vigingi vipigwe kwa mshazari, vichwa vikilikimbia hema.

Ukiingia ndani usizibe kila tundu. Pumzi yako ni maji. Ukijifungia, inapanda, inakutana na kitambaa cha baridi, inakudondokea usoni saa tisa usiku, na utamsingizia mwenzako. Acha mwanya juu. Nguo ulizoshinda nazo zina jasho, zivue, vaa kavu. Mzula kichwani. Chupa ya maji moto iliyofungwa barabara iwe miguuni. Na hapa, jamani, natoa kofia ya madaha: jiko la mkaa haliingii ndani ya hema, hata kwa dakika moja, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Gesi yake haina harufu, haina moshi, inakupa usingizi mtamu, na asubuhi watu wanakuja kubeba maiti. Familia zimeisha hivyo, tena ndani ya nyumba zenye madirisha. Jiko likae nje.

Narudisha madaha. Chakula! Kwenye mita 2,600 maji huchemka yakiwa na nyuzi 91 hivi, hayafiki 100 hata uyatukane. Maharage kule yanachemka bila kuiva. Wapo waliosafiri nami wanaosambaza mtaani kwamba niliwalisha maharage mabichi. Yale maharage yalikuwa sahihi kifizikia. Kwa wale wenye meno ya kawaida, nunueni viazi vya Matamba, vinalimwa hapohapo na vinaiva. Mle vya kutosha kabla ya kulala, kwa kuwa tumbo linalofanya kazi ndio moto pekee unaoruhusiwa hemani. Na haja ndogo imalizwe mapema. Somo la kwenda chooni saa nane usiku, gizani, kwenye upepo wa daraja la tatu, lina mhadhara wake wa peke yake, nao una kiingilio.

Maswali. Moja tu, muda umeniishia mikononi mwangu mwenyewe. Ndiyo, mama wa chipsi. Mama huyu, kwa faida ya kumbukumbu, ni mzaliwa wa Makete, kwa hiyo ana mazoea ya baridi, jambo ambalo halifanani na utaalamu. Karibu.

Mama anasema babu zake wameishi kule juu miaka yote, na hajasikia hata mmoja aliyelala nje kwa hiari. Anauliza, ikiwa Matamba pale kuna nyumba za kulala wageni, zenye mlango, kitanda na blanketi zito, hema la nini?

Mama, swali lako limepokelewa. Halimo kwenye mada.

Swali lingine.