Pikipiki Inayopanda Gari

Pikipiki ya Afrika Mashariki hubeba kila kitu. Magunia ya mkaa, kitanda na godoro lake, mbuzi aliyefungwa miguu, mama na wanawe watatu, kochi linalofagia wapita njia. Siku ikibidi, jeneza. Ni haki kabisa, basi, kwamba mahali fulani duniani ipatikane pikipiki isiyobeba mzigo wowote bali hubebwa yenyewe. Ipo. Shemeji yangu anayo, huko Yorkshire, Uingereza, na kwa kuwa wengi huisema vibaya, hasa dada yangu, naona ni zamu ya mtu kuisema vizuri.

Ni pikipiki ya mchezo uitwao trayali: kupanda mawe, magogo na makorongo yenye maji bila kuweka mguu chini. Ukigusa ardhi mara moja unaandikiwa pointi moja, ukishindwa kupita unaandikiwa tano, na mwenye pointi chache ndiye mshindi. Toni Bou wa Catalonia amekuwa akitwaa ubingwa wa dunia mwaka baada ya mwaka tangu 2007, kwa kupandisha chombo hicho juu ya majabali yanayomzidi kimo. Shemeji yeye yuko upande wa kukusanya pointi.

Chombo chenyewe kina kilo 70 hivi, tangi la lita mbili au tatu, na hakina kiti. Sisemi kiti ni kidogo, hakipo. Matairi ni laini, hujazwa upepo wa 5 hivi pale gari linapojazwa 30, ili yashike mawe. Matokeo yake ni pikipiki inayopanda ukuta lakini haiwezi kwenda dukani kwa raha. Kizuizi pekee kilichoishinda ni lami iliyo kati ya nyumba na uwanja. Wazee wa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia waliendesha pikipiki zao hadi mashindanoni, wakashindana, wakarudi nazo nyumbani jioni. Hawakujua walichokuwa wanakosa.

Walikuwa wanakosa safari ya kuibeba pikipiki. Kila Mei, Fort William huko Scotland, hufanyika mashindano ya siku sita, na pale waendeshaji hupita hata barabara za kawaida juu ya pikipiki hizi, wamesimama wima kutwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kusema kumbe zinaweza kupita lami. Namkumbusha kwamba zilifika Fort William ndani ya magari.

Wenye vani siwataji kwa heshima yoyote. Mtu anayefungua milango miwili, akaegemeza ubao, akasukuma pikipiki ndani na kukaza mikanda hana la kutufundisha. Hana hata sababu ya kumwamsha jirani amshikie kitu.

Njia ya waungwana ni kuiingiza ndani ya gari la familia. Unalaza viti vya nyuma, unatandika blanketi ambalo jana lilikuwa la mtu, unafungua gurudumu la mbele, unalegeza usukani na kuuzungusha, halafu watu wawili wananyanyua na wa tatu anasema “pole pole”. Huyo wa tatu ndiye mimi. Pikipiki huingia kinyumenyume, ikikwaruza plastiki zote ambazo mtengenezaji wa gari alidhani hazitakwaruzwa. Gurudumu la mbele, likiwa na tope lake, hukaa mapajani mwa abiria.

Hapo ndipo petroli inapojitokeza. Pikipiki yenye karabureta ukiilaza, mafuta hutoka kwa kampira kadogo kalikowekwa kwa kazi hiyo, na mvuke wa petroli, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutua chini kwenye miguu ya watoto. Wajuzi hufunga bomba la tangi na kuiacha injini iunguze kilichobaki kabla ya kuipakia. Shemeji ni mjuzi, ila hulikumbuka hilo mkiwa mmeshafika barabara kuu.

“Baba Asha,” dada akauliza Januari moja, akiwa amekumbatia lile gurudumu, “petroli hii ninayoisikia ni ya gari au ya mgeni wako?”

“Fungua dirisha kidogo, mama.”

Akafungua. Nje theluji ilikuwa inaanguka. Hakuna familia niliyowahi kuiona ikipata hewa safi kwa wingi namna ile. Isitoshe, kilo 70 zilizolala nyuma ya vichwa vya watu bila kufungwa vizuri humfanya dereva awe mpole. Shemeji, aliyekuwa akikanyaga breki kama anaua nyoka, sasa husimama kwenye taa kwa taratibu na adabu.

Njia ya pili ni keria inayofungwa nyuma, kwenye kichwa cha kuvutia tela. Hii inapendwa na wapenda hesabu. Magari mengi madogo yameandikiwa kwamba kichwa hicho kisielemewe na zaidi ya kilo 75 au hapo karibu. Pikipiki ni 70. Keria ya chuma ni 20. Mtu mzima aliyefeli kujumlisha darasa la tatu hukaa usiku kucha akitafuta njia ya kufanya 90 iwe chini ya 75. Shemeji alianza kwa kutoa petroli, akaendelea kwa kuosha tope, akafikia hatua ya kupima pikipiki akiwa ameishikilia kidogo kwa mkono. Wala kosa si la uzito peke yake: mzigo wenyewe umekaa nyuma ya kile kichwa, kwa hiyo unabinua. Matako ya gari hushuka, pua hupanda, usukani huwa mwepesi kwa namna ya kutia wasiwasi, na taa za mbele huacha barabara na kumulika matawi ya miti. Bundi wa Yorkshire hawajawahi kuangaliwa kwa makini kiasi hicho.

Faida za keria haziishii hapo. Bomba la moshi la gari likielekea vibaya huchemsha tairi laini la pikipiki mwendo mzima, likafika limekwisha kulainika zaidi. Kibao cha namba hufichika, na kwa kosa hilo faini Uingereza inaweza kufika pauni 1,000, kwa hiyo unanunua ubao wenye namba ya pili, taa za breki na indiketa zake, na waya wake, na siku yake ya kugoma kuwaka. Mikanda nayo, upepo ukiipiga, hulia. Dawa ni kuusokota kila mkanda mara moja kabla ya kuukaza, siri ambayo shemeji aliipata baada ya kusikiliza wimbo huo mmoja kutoka Leeds hadi mpaka wa Scotland.

Kuna tela pia. Serikali ilirahisisha mambo mwishoni mwa 2021, ikaondoa mtihani wa ziada uliowabana waliopata leseni kuanzia 1997, na tangu hapo yeyote anaweza kwenda kukwama akirudi nyuma na tela mbele za watu. Ukivuta tela huruhusiwi kuzidi maili 60 kwa saa, na kwenye barabara kuu za njia tatu ile ya mwendo wa kasi ni marufuku kwako. Mke na mume hupata muda wa kuzungumza mambo yote ambayo nyumbani hayakupatiwa nafasi, yakiwemo ya bei ya tela. Siku nyingine za juma tela hukaa mbele ya nyumba, nusu yake mbele ya nyumba ya jirani, na ujirani huimarika kwa barua.

Sasa shemeji ameahidi kuleta suluhisho. Asha amefikisha umri wa kujifunza, na kuna pikipiki ndogo za watoto za umeme: hazina karabureta, hazivuji, hazinuki, na mtoto mwenyewe anaweza kusaidia kuinyanyua. Dada alifurahi mno, akaipongeza nyumba nzima, mpaka alipouliza ya pili itakaa wapi.

“Mbele,” shemeji akasema. “Wewe kuna basi linapita karibu kabisa na uwanja.”