Kompyuta ya Pesa ya Pamba

Pamba imeuzwa, AMCOS, chama chetu cha ushirika, wamelipa, na mimi nina laki tano mfukoni. Basi nikajitangaza. Pale kijiweni, mbele ya watu, nikasema nafungua steshenari hapahapa Bukundi, watu waache kupanda bodaboda mpaka Mwanhuzi kuchapa barua ya maombi ya kazi. Na kompyuta sinunui, naunda mwenyewe! Sasa watu wa kijiwe hawasahau, bwana. Hata yule anayenidai mbuzi siku hizi haulizi mbuzi, anauliza mashine imefikia wapi.

Ngoja nikwambie. Kompyuta ikiwa juu ya meza ni boksi tu. Ukiambiwa uchague vya ndani ndipo jasho linatoka. Prosesa. Madabodi. Ramu. Diski. Pawasaplai. Keisi. Halafu feni, maana inasikia joto. Mimi joto la Meatu nalivumilia toka nizaliwe, yeye hawezi.

Nikafika Bariadi kuvinunua, vumbi mpaka kwenye kope. Dukani kijana ananiamkia, "Shikamoo mzee." Mzee! Haya, marahaba. Akauliza, "Soketi gani?" Nikamwonyesha ya ukutani. Waliokuja kuchaji simu walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Kumbe soketi ni pale prosesa inapokalia. Za Intel, kizazi cha 6 mpaka cha 9, zinakalia LGA1151. Ukafurahi? Usifurahi. Ya kizazi cha 8 ukiipachika kwenye madabodi ya kizazi cha 6 inaingia vizuri kabisa, ila haiwaki. 1151 huku, 1151 kule, na hawasalimiani. Cha 10 wakahamia LGA1200. Ramu nazo zina mkato wake: DDR3 haiingii kwenye tundu la DDR4 hata uikandamize kwa goti. Hii ni posa kabisa, kila upande una wajomba zake, na mjomba mmoja akinuna ng'ombe wako wanarudi zizini.

Nikaona i3-10100, nikaona na i3-10100F. Yenye F bei iko chini. Mtu anapunguza bei halafu anakuongezea herufi! Nikasema nifungie hiyo upesi, kabla hajashtuka. "Mzee, hiyo F maana yake haina grafiki ndani. Haitoi picha mpaka ununue kadi." Yaani herufi nimepewa, picha nimenyimwa.

Pawasaplai ya bei yangu ilikuwa nyepesi, ila ubavuni imeandikwa wati 500. Kijana akaigeuza, akasoma mstari wa volti 12: ampea 14. Akazidisha kwenye simu, 168. Na prosesa na kadi ya grafiki zinanyonya kwenye mstari huohuo. Wati zile nyingine, nadhani, unakula stika. Nyuma kuna kiswichi chekundu, 115 na 230. "Usikiguse, umeme wetu ni 230, ukikirudisha 115 inalipuka." Kidole changu kilikuwa kimeshafika. Wale wa simu wakasogea nyuma na chaja zao.

Hesabu ilipofikia keisi, laki tano ilishatambaa ikaisha, na diski bado. Kijana kanionea huruma, akaniletea Dell OptiPlex ya mtumba, ofisi za Ulaya zimeichoka. Kila kitu ndani, kibodi juu, na chenji inabaki. Mwenye akili angebeba akashukuru. Lakini mimi kijiweni nimesema naunda! Nitapitaje pale na kitu kilichokwisha kuundwa? Nikamwomba aifungue, achomoe ramu, achomoe diski, avifunge kwenye gazeti, aniuzie na bisibisi. Alinitazama kwa muda. Akafanya. Kwa pesa ya ziada, lakini.

Nimevipachika kijiweni, hadharani, jasho linanidondoka kama injinia. Watu wametulia. Mashine ikawaka, feni ikaunguruma. "Mbona haina kioo?" Nikawajibu kioo kipo nyumbani. Na kweli kipo, ni televisheni ya mama watoto, ina tundu la waya wake. Nimemwomba kwa heshima zote, "Mama Kulwa, naomba tushirikiane." Amekubali. Ila mpaka tamthilia ziishe.

Kwa hiyo steshenari inafunguliwa saa nne usiku. Mwenye barua aje na tochi.