Hodi Isiyokoma

Mwandishi wa makala haya alitaka jambo dogo tu: kila mfumo wa faili wa ext4 unapopachikwa kwenye laptopu yake ya Debian, kerneli ya Linux ibishe hodi. Akafungua super.c ya ext4, akaongeza mstari mmoja wa printk, fanksheni ya kerneli ya kutoa ujumbe, wenye neno "Hodi", akaunda moduli ya ext4 peke yake badala ya kerneli nzima. Chai ilikuwa haijapoa.

Akaanza kwa kuitoa moduli ya zamani. Mashine ikakataa: inatumika. Ilikuwa na haki, maana diski nzima, pamoja na hiyo amri ya kutolea, ilikuwa ya ext4. Huwezi kumwambia mtu akunje mkeka alioukalia. Akaipenyeza mpya kwa amri ya insmod. Akajibiwa kwamba umbo lake si sahihi. Saa nzima ilipita ndipo akaona alama ya "+" mwishoni mwa jina la toleo. Msimbo ukiguswa, alama hiyo huweza kujibandika yenyewe, na kerneli haipokei mgeni ambaye jina lake limezidi hata nukta.

Akasawazisha jina, akanakili moduli mahali pake, akawasha upya. Kimya.

Siku ya pili, kwa hasira, akabandika hodi nyingine sita, moja ndani ya ext4_file_write_iter, fanksheni inayoitwa kila faili inapoandikwa. Bado kimya. Usiku ndipo alipokumbuka initramfs, ule mfuko mdogo wenye moduli za kufungulia diski kabla diski yenyewe haijafunguliwa. Mfukoni ilikuwemo ext4 ya zamani. Muda wote huo alikuwa akipunguza kiuno cha gauni lililo kabatini, na bibi harusi ameshavaa jingine kaondoka.

Akausasisha mfuko, akawasha. Hodi! Programu ya kumbukumbu ikaipokea na kuiandika kwenye kern.log. Kumbe kule kuandika nako ni kuandika: hodi ya pili. Nayo ikaandikwa. Feni ikaanza kuvuma kama mashine ya kusaga.

Diski ikajaa. Ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, akiba ya siku ya shida. Bahati mbaya programu ya kumbukumbu huendeshwa na root, kwa hiyo ilimaliza chungu ikakomba na ukoko. Akaifuta kern.log, nafasi haikurudi, kwa sababu faili iliyofunguliwa na programu huendelea kuishi hata jina lake likifutwa. Ikabidi azime na kurudi kwenye kerneli ya zamani iliyobaki katika orodha ya kuwashia ya GRUB.

Alijifariji kwa Linus Torvalds. Linux ikiwa bado changa, Torvalds alitaka modemu yake ipige simu chuo kikuu Helsinki, akakosea jina la kifaa, na amri za kupiga simu zikaandikwa juu ya diski. Sehemu ya Minix, mfumo endeshi aliokuwa akiutumia, ikaharibika, naye akaona heri ahamie Linux moja kwa moja.

Jaribio la mwisho lilifanyika ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, kwenye faili ya megabaiti 200 iliyojifanya diski, na printk moja tu. Saa sita na dakika mbili usiku "Hodi" ikatokea, mara moja, kisha kimya. "Karibu," akaitika kwa sauti. Mkewe akauliza kutoka chumbani ni nani huyo amekuja usiku wote huu.