Msiba wa Alama A

Baba yetu alikwenda mkongeni akiwa kijana asiye na ndevu, akarudi Titye na sanduku la mbao lenye kona za bati. Wazee wa Buha wanaijua safari hiyo. Enzi za Mwingereza nyanda hizi za Kasulu na Kibondo zilikuwa mahali pa kuchota vibarua, na kuanzia mwaka 1944 kazi ya kuwaandikisha manamba ilishikwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge. Waha walipakiwa kwenye malori na treni mpaka Tanga. Treni ya kumrudisha baba iliposimama Tabora, aliwaona wavulana wa shule wakishuka na masanduku kama lake, ila wao walikuwa wanakwenda kusoma. Shule ile ndiko Julius Nyerere alikosoma. Baba alitusimulia habari ya wale wavulana mpaka tukaikariri.

Aliyeikariri kwa uchungu ni kaka yangu anayenifuata. Alimaliza darasa la saba mwaka 1989 akiwa wa kwanza darasani, na hakuchaguliwa. Sekondari za serikali wakati ule zilikuwa chache mno, na shule ya msingi iliweza kumaliza mwaka bila kutoa hata mtoto mmoja. Akashika jembe. Hakulalamika, lakini kila Desemba majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa alikuwa na shughuli shamba la mbali.

Kwa hiyo mwanawe wa kwanza alipoanza kushika namba moja, darasa baada ya darasa, nyumba nzima ilipewa kazi. Mwezi wa tatu mwaka 2024 sanduku la marehemu baba lilishushwa darini. Kaka alilipiga msasa, akalipaka rangi ya buluu, kisha kwa rangi nyeupe akaandika ubavuni kwa herufi kubwa: TABORA.

Wifi akamwambia, "Baba watoto, andika jina la mtoto. Shule itakuja kujiandika yenyewe."

Rangi ilikuwa imeshakauka.

Mimi naishi Kasulu mjini na hupanda Titye kumwona mama, kwa hiyo mambo mengine nilisimuliwa na mengine niliyaona. Mtoto alikatazwa kuchota maji. Akakatazwa kuchunga. Taa ya sola, ambayo ni moja, ikahamia mezani kwake, wifi akawa anasonga ugali kwa mwanga wa moto na kuonja mboga kwa kukisia chumvi. Mayai yote ya kuku wawili yakawa ya mtahiniwa, na mdogo wake wa miaka minne alijifunza kulia kila aliposikia kuku akitetea. Usiku kaka alikaa na kijana kumfundisha kuweka kivuli kwenye herufi ya jibu, kwa sababu fomu za darasa la saba husahihishwa na mashine, na mashine haijui kukisia. Alimnunulia penseli mpya, akamkagulia vivuli kimoja kimoja. Kikivuka mstari, karatasi inarudiwa. Nilimwona mtoto akifuta mpaka karatasi ikatoboka.

Mbuzi ndio waliokuwa wa kwanza kudai haki yao. Aliyekabidhiwa kuwachunga badala ya kaka yake ni binti wa miaka tisa, ambaye pia alikuwa amerithi ndoo za maji. Mtoto hawezi kuwa kisimani na malishoni kwa wakati mmoja. Alasiri moja ya Agosti mbuzi wanne waliteremka bondeni, wakaingia kwenye maharage ya jirani ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Kiangazi huku, shamba la bondeni ndilo akiba ya nyumba. Walikula matuta mpaka wakashiba, wakalala humohumo. Shauri lilipelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, kaka akaamriwa kulipa gunia la maharage. Alipokuwa analitoa, jirani alimuuliza mchungaji alikuwa nani. Kaka akajibu kwamba mchungaji alikuwa anasoma. Jirani huyo hakumsalimia kaka mpaka mvua zilipoanza, na kwa Waha, ambao salamu yetu ina makofi na maswali ya kila mtu wa nyumba, kunyimwa "mwakeye" asubuhi ni adhabu nzito kuliko gunia.

Halafu ikaja kambi. Wiki za mwisho kabla ya mtihani watoto wa darasa la saba walilala shuleni, na kila mzazi alipeleka mahindi, maharage na kuni. Kaka alipeleka pia godoro. Nyumba ile ina magodoro mawili, na lililokwenda ni lile analolalia mama yangu. Nilipofika nikamkuta mama amelala kwenye mkeka juu ya nyasi kavu. Niliwaka. Mama akanituliza: "Mwache. Ananilipa kwa ndoto."

Mtihani ulifanyika tarehe 11 na 12 Septemba. Matokeo yalitoka tarehe 29 Oktoba, mvua za kwanza zimeshalowesha udongo na watu wako mashambani wanapanda mahindi. Mtandao pale kwetu hupatikana vizuri juu ya kichuguu kilicho nyuma ya mgomba wa mwisho. Kijana wa jirani mwingine alipanda na simu yake, kaka amesimama chini na jembe mkononi, akisomewa kama anayesomewa hukumu. Kiswahili A. Hisabati A. Akaendelea mpaka mwisho, na wastani wa daraja: A.

Jogoo alichinjwa, pombe ya ndizi ikachujwa, dagaa wa ziwani wakaungwa kwa mawese. Kaka alilitoa sanduku nje ili wageni walione. Kila aliyekunywa alisoma neno lile ubavuni.

Tarehe 16 Desemba majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza yakatangazwa. Kijana alipangiwa sekondari ya kata, shule ya kutwa, mwendo wa zaidi ya saa moja kwa miguu.

Kaka alirudi kutoka kichuguuni, akaingia chumbani, akalala na viatu vyake. Hakula jioni. Kesho yake mtu aliyepita njiani alimwuliza wifi kulikoni shamba halijaguswa, na kaka akajibu mwenyewe kutoka dirishani: "Nimepotelewa." Neno hilo likatembea. Mpaka linafika kitongoji cha pili, kwa kaka yangu kulikuwa na msiba wa mtoto.

Nilikuwapo asubuhi walipokuja. Walikuwa akina mama watano, kanga zimefungwa kiunoni, wa mbele amebeba beseni la unga wa muhogo kichwani. Nyuma yao wanaume wawili na kuni. Waliingia uani kimyakimya, wakaketi kwenye mkeka, mmoja akaanza kujifuta macho. Wifi alitoka jikoni akasimama. Hakujua la kusema, na kimya chake kikathibitisha kila kitu.

Ndipo kijana akatokea nyuma ya nyumba na jembe begani, matope mpaka magotini. Alikuwa ameamka alfajiri kwenda kupalilia, kwa sababu ndani hakukukalika. Akaweka jembe chini, akainama kwa adabu.

"Shikamooni."

Beseni lilianguka. Nusu ya unga ilimwagika. Mama mmoja alipiga yowe, mwingine akamshika kijana mkono na kuuminya kama anayepima embe. Mama yangu akatoka na fimbo yake, akatazama unga, akatazama kuni.

"Nani amekufa hapa?"

Hakuna aliyejibu.

"Mtoto mnayemlilia ndiye huyu. Amepata A."

Nimehudhuria matanga mengi, lakini sijaona watu wakikosa pa kuweka macho kama asubuhi ile. Walikuwa wamekuja kwa upendo, wala sina neno juu yao. Kilichoniumiza ni sura ya mtoto. Alielewa upesi kuliko sisi wote msiba ulikuwa wa nani. Alinifuata nilipokuwa nakusanya unga, akachutama karibu yangu, akauliza kwa sauti ya chini: "Shangazi, kama ningepata C wangefanyaje?"

Nilimwambia kwamba C inapeleka mtoto sekondari, na kwamba yeye amefanya vizuri kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu tangu uanze. Nililisema kwa sauti, ili dirisha lisikie.

Mama aliamuru unga uliobaki upikwe. "Unga ukishaingia nyumba ya watu haurudi," alisema, na waombolezaji wakala ugali na maharage pamoja na marehemu. Sanduku alilitia mbegu za maharage, akalifunga. Kisha akaingia chumbani kwa mwanawe na kufunga mlango. Aliyoyasema humo hakuyasimulia, lakini kaka alitoka amevua viatu.

Mchana nilikaa na kaka chini ya mwembe na kuongea naye kwa namba, kwa sababu namba ndizo anazoziheshimu. Wastani wa A ni kuanzia alama 241 hadi 300. Mwenye 243 na mwenye 291 wote wana A ileile kwenye karatasi. Mwaka ule waliochaguliwa nchi nzima walizidi 970,000. Shule za serikali za vipaji maalum ni saba, na za wavulana kati ya hizo ni nne: Tabora, Ilboru, Kibaha na Mzumbe. Nafasi zao zinagawanywa kwa mikoa yote. Ukiwaweka watoto wenye A wa mkoa wa Kigoma peke yao mbele ya milango hiyo minne, wengi watabaki nje, na kubaki nje hakumaanishi wameshindwa chochote.

"Mimi nilibaki nje," alisema.

Hapo ndipo lilipokuwa donda, na sikulipita. Nilimwambia kwamba mwaka 1989 nje kulikuwa shambani. Leo nje kuna dawati. Ule mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ndio uliozileta shule za kata, na tangu mwaka 2016 serikali imefuta ada mpaka kidato cha nne. Mwanao amechaguliwa, kaka. Wewe hukuchaguliwa. Ni mambo mawili tofauti, na umemvisha mtoto la kwako.

Naamini hivyo kwa moyo wote. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora, wengi walinung'unika, mimi nilifurahi. Ile orodha ilitufundisha kuwatazama watoto kumi na kuwapa kisogo wengine wote, kana kwamba elimu ya nchi ni mbio za mtu mmoja. Lakini sitaki kumdanganya mtu kuhusu sekondari ya kata pia. Mtoto anaondoka gizani, anarudi jioni, na pengine katikati hajala. Walimu wa hisabati na fizikia ni wa kutafutwa. Wasichana wanaotoka mbali hupangishiwa vyumba na kuishi bila mtu mzima, na yanayowapata huko kila mzazi anayajua. Haya ndiyo yanayostahili kumkosesha baba usingizi. Nguvu aliyoitumia kaka kukagua vivuli vya penseli ingetosha kuamsha kijiji.

Januari kaka aliuza mbuzi wawili kati ya wale wanne. Mmoja akawa sare, viatu na madaftari. Wa pili, pamoja na fedha kidogo kutoka kwangu, akawa baiskeli ya mtumba. Godoro la mama lilikuwa limesharudi. Ndoo za maji zikagawanywa upya, na binti akaanza kukaa mezani penye taa siku ambazo si zamu yake jikoni.

Kikao cha kwanza cha wazazi kilipoitwa, kaka alifika mapema na kuuliza swali kabla agenda hazijasomwa: hisabati inafundishwa na nani? Akajibiwa kwamba mwalimu ni mmoja, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Aliuliza tena, akajibiwa hivyohivyo. Wazazi walibishana mpaka jua likaelemea magharibi, kisha wakakubaliana kuchanga mahindi: sehemu ya chakula cha mchana, sehemu ya kumlipa kijana aliyemaliza chuo cha ualimu anayefundisha kwa kujitolea. Kaka alipewa kazi ya kukusanya. Debe la kwanza lilitoka nyumbani kwetu. La pili lilitoka kwa jirani wa maharage, ambaye binti yake yuko kidato cha pili na hajawahi kupata hisabati zaidi ya F.